Mlima Wetu, Ukurasa wa Kwanza wa Nani?

Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inazitaja baadhi ya shughuli za utalii kuwa ni za Watanzania peke yao, na miongoni mwazo ni kuwapandisha wageni mlimani. Ni sheria nzuri. Aliyeiandika alikuwa na picha kamili kichwani: lango la Marangu au la Machame, daftari la kusajili wageni, kiongozi mwenye kitambulisho, wagumu waliojipanga kupimiwa mizigo yao kwenye mizani, na juu yao wote kampuni ya Mtanzania yenye leseni ya TALA. Kila kitu katika picha hiyo kimo ndani ya mipaka ya Jamhuri, na kila kitu kinaweza kukaguliwa na ofisa mwenye sare.

Upungufu wa picha hiyo ni mmoja tu. Mgeni hanunui safari yake langoni. Anainunua miezi minne au sita kabla, usiku, akiwa nyumbani kwake Manchester au Munich, simu mkononi. Anaandika maneno matatu manne ya Kiingereza katika kisanduku cha Google, anasoma majina machache ya juu, anabonyeza. Wengi hawafiki hata chini ya ukurasa wa kwanza. Hapo ndipo bei inapopangwa, ndipo malipo ya awali yanapofanywa, na ndipo inapoamuliwa nani atabaki na sehemu nono na nani atabaki na kazi ya kupanda. Sheria yetu haikufika huko.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, si kwa utovu wa adabu, kwa nini mhadhara wangu kuhusu utegemezi wa uchumi ulikuwa umegeuka kuwa mhadhara wa tovuti. Alidhani mambo hayo ni ya watu wa kompyuta. Nilimjibu kwamba kizazi cha walimu wangu kilisoma reli ili kuielewa nchi: inaanzia wapi, inaishia bandari ipi, inabeba nini, nani anapanga nauli. Sisi tuna wajibu wa kusoma kitafutio kwa jicho lilelile.

Mtambo wa kutafuta hufanya kazi tatu. Kwanza, hutuma programu zinazotambaa kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa kufuata viungo, mithili ya mtu anayekizunguka kijiji kwa kufuata njia za miguu. Nyumba isiyo na njia haifikiwi kwa urahisi. Pili, huyaweka yaliyoonekana katika faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu, ila hii ina mabilioni ya kurasa. Tatu, mtu anapouliza, huyapanga majibu kwa mfuatano. Kazi mbili za kwanza ni za ukarani. Ya tatu ni ya uhakimu.

Mwaka 1998 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walichapisha makala iliyoeleza namna ya kuufanya uhakimu huo. Wazo lao lilikuwa rahisi na la akili: kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine ni kama kura, na kura ya ukurasa ambao wenyewe umepigiwa kura nyingi ina uzito zaidi. Wanafunzi wangu wa sayansi ya siasa hucheka nikiwaeleza hivyo, kwani huo si uchaguzi wa mtu mmoja kura moja; ni baraza la wazee, ambamo neno la mmoja mwenye heshima huzidi kelele za vijana mia. Katika kiambatisho cha makala hiyohiyo, waandishi walionya kwamba mtambo unaoishi kwa fedha za matangazo utaelemea upande wa watangazaji na kuwapa kisogo watumiaji. Oktoba 2000 kampuni yao ilianza kuuza matangazo kwa wateja wadogo na wakubwa kupitia mfumo wa kujihudumia. Sisemi kwamba walisema uongo. Nasema waliujua ukweli mapema kuliko sisi.

Tangu hapo vigezo vya kupanga vimeongezeka sana: kama ukurasa unasomeka kwenye simu, kama unafunguka haraka, kama maandishi ni ya mwenyewe au yamenakiliwa, kama biashara iko karibu na anayeuliza. Pembeni yake imeota taaluma nzima, na biashara nzima, ya kuwafundisha watu namna ya kumpendeza hakimu. Ndiyo hiyo inayoitwa SEO, na ndiyo inayotajwa siku hizi katika kila warsha ya vijana na ujasiriamali kana kwamba ni dawa ya ajira.

Nina mwanafunzi wa zamani ambaye ana kampuni ndogo ya kupandisha wageni pale Moshi. Baba yake alikuwa mpishi wa mlimani kwa miaka mingi; yeye mwenyewe alianza kwa kubeba mizigo wakati wa likizo akiwa bado chuoni. Ana leseni, ana mahema yake, ana viongozi wawili ambao nisingeogopa kuwakabidhi mtoto wangu. Hana wageni wake. Karibu wote huletwa na wakala mmoja wa ng'ambo ambaye ndiye anayeonekana kwenye ukurasa wa kwanza. Wakala anamwambia mgeni bei moja, anamwambia kijana wangu bei nyingine, na kati ya bei hizo mbili kuna pengo ambalo yeye hulifahamu pale tu mgeni anapoteleza ulimi kambini. Akiomba nyongeza, anajibiwa kwa upole kwamba ziko kampuni nyingine Moshi na Arusha. Na ni kweli ziko.

Tusilione pengo hilo kuwa ni la wafanyabiashara wawili tu. Ada za hifadhi hazipunguzwi kwa mtu. Zinalipwa kama zilivyo. Gesi, chakula na gari la kufika langoni vina bei zake. Bei ya jumla ikibanwa, kinachobaki cha kubanwa ni mwanadamu: idadi ya wagumu, mlo wao, posho yao, siku za safari. Mgumu haruhusiwi kupita na mzigo wa zaidi ya kilo 20 langoni. Lakini hakuna mizani inayopima mshahara.

Akanipigia simu. “Shikamoo Dokta. Naomba unisaidie kulisoma jambo hili kwa macho yako, maana mimi nimeshachoka kulisoma.” Alikuwa amechukua mkopo kwenye SACCOS yao na kumlipa mtu aliyejitambulisha mtandaoni kuwa bingwa wa SEO, shilingi milioni moja na laki mbili, kwa ahadi ya kufika ukurasa wa kwanza ndani ya siku 30. Siku 30 zilipita. Tovuti yake ikawa haionekani hata ukiandika jina la kampuni yenyewe.

Haikuchukua muda kuona kilichotendeka. Yule bingwa alikuwa amenunua viungo kwa mkupuo kutoka kurasa za kamari na za dawa za kuongeza nguvu. Zamani mbinu hiyo ilifanya kazi, kwa sababu kura ni kura. Lakini tangu Aprili 2012 Google imekuwa na kanuni mahususi za kuzibaini na kuzipuuza au kuziadhibu kura za kununua, kama ambavyo mwaka mmoja kabla yake ilianza kuzishusha kurasa zenye maandishi hafifu au ya kunakili. Aliyemuuzia kijana huyu huduma ile alimuuzia sumu iliyopitwa na wakati, tena kwa bei ya dawa.

Nilikaa naye Moshi Jumamosi mbili, mezani, na mtori wa mama yake. Tulianza na mambo ya aibu ndogondogo, yale yanayopatikana katika tovuti nyingi za biashara zetu. Kichwa cha ukurasa wake wa mbele, ambacho ndicho mtafutaji hukiona kwanza, kilikuwa na neno moja la Kiingereza lenye maana ya “nyumbani”. Picha ya Kibo iliyopamba ukurasa ilikuwa nzito kiasi kwamba simu yangu ilisubiri hadi nikasahau nilichokuwa nasubiri. Na mimi nilikuwa Moshi mjini, si ndani ya treni huko Bavaria. Namba ya simu iliyokuwa kwenye tovuti haikufanana na iliyokuwa kwenye ramani, na alama ya ofisi yake kwenye ramani ilikuwa katikati ya shamba la mahindi.

Hayo yalirekebishika kwa siku moja, bila kumlipa mtu. Zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti ni maneno gani yamewaleta watu kwake ni ya bure. Kuorodhesha biashara kwenye ramani ni bure. Kupunguza uzito wa picha ni bure. Nayataja kwa makusudi, kwa sababu ipo dhana kwamba elimu hii ni uganga wa siri; sehemu yake kubwa ni usafi wa kawaida, kama kufagia uwanja kabla mgeni hajafika.

Kazi ngumu ilikuwa maandishi. Ukurasa wake kuhusu njia ya Machame ulikuwa sawa, sentensi kwa sentensi, na kurasa za kampuni nyingine nne. Nani alimnakili nani, hakuna aliyekumbuka. Zote zilijisifu kuwa ndiyo kampuni bora Tanzania, zenye huduma bora na viongozi bora. Mtambo unapokuta maandishi matano yanayofanana huonyesha moja, na haukuwa na sababu ya kulichagua lake.

Basi nikamwambia aweke kompyuta pembeni, anieleze wageni humuuliza nini jioni hemani. Alizungumza saa mbili. Alieleza kwa nini njia ya Rongai, inayoanzia upande wa kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, huwa kavu kuliko nyingine wakati wa mvua za vuli, na kwa nini mtu anayeng'ang'ania kupanda Novemba aifikirie hiyo. Alieleza kwa nini siku tano za Marangu ni chache kwa mwili usiozoea, hata kama vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo vinaifanya ionekane njia ya raha. Alieleza magoti yanavyoteseka kwenye mteremko wa Mweka, na kwamba mgeni asiyependa fimbo za kutembelea huzipenda hapo. Alieleza dalili ambazo akiziona kwa mgeni usiku wa kuelekea kileleni humgeuza arudi, hata akiwa amebakiza hatua chache kufika Gilman, na namna anavyozungumza na mtu anayelia kwa hasira kwa sababu amelipia kufika mita 5,895. Hakuna hata neno moja la hayo lililokuwa kwenye tovuti yake.

Nilimtaka aandike kwanza kwa Kiswahili, kisha ndipo afasiri mwenyewe. Si kwa uzalendo. Kwa Kiingereza kila kampuni ni bora. Kwa Kiswahili ilimbidi aseme kitu.

Desemba 2022 Google iliongeza neno “uzoefu” katika mwongozo inaowapa wakadiriaji wake wa ubora wa majibu: wazingatie kama aliyeandika amewahi kukifanya anachokieleza. Ukilichukulia neno hilo kwa dhati, basi mtoto wa mpishi wa mlimani ana mtaji ambao wakala wa ng'ambo hanao na hawezi kuununua. Ndiyo sehemu ya taaluma hii ninayoiheshimu. Ukiivua majigambo, inamwambia mfanyabiashara mdogo aandike kwa ukweli kile anachokijua, kwa lugha ambayo mtu angeitumia kuuliza.

Jambo hilohilo linawahusu wasiouza chochote kwa wageni. Fundi wa Keko anayetengeneza vitanda ana wateja ambao huuliza kwa Kiswahili, na huuliza kama wanavyozungumza: bei ya kitanda cha sita kwa sita, mninga au mkongo, Dar es Salaam. Lakini akifungua tovuti huijaza Kiingereza cha matangazo ya hoteli, kana kwamba mteja wake anatoka Dubai. Maneno ambayo mteja wake huyatumia hayamo humo, na mtambo, pamoja na ujanja wake wote, hauwezi kuyapa uzito maneno ambayo hayajaandikwa. Tunalalamika kwamba Kiswahili hakina nafasi kwenye intaneti. Hapa pana nafasi tele, mwenyewe hajaingia.

Sasa nirudi Moshi, maana sitaki msomaji aondoke na hadithi ya mafanikio. Baada ya miezi kadhaa kurasa zake zilianza kuonekana kwa maswali marefu, yale ya mtu anayeuliza kuhusu Rongai mwezi wa Novemba au kuhusu magoti. Barua pepe zikaanza kuja moja moja, na wageni wa moja kwa moja wakapatikana, wachache kuliko wa wakala lakini wa bei yake mwenyewe. Kwa yale maneno mafupi, yenye jina la mlima na neno la kupanda, hayupo. Hatakuwepo. Juu kabisa kuna matangazo ya kulipia, ambayo bei yake hupangwa kwa mnada. Na katika mnada wa kumgombania mgeni wa Munich, shilingi ya SACCOS inashindana na yuro ya wakala mwenye safari za nchi arobaini. Chini ya matangazo kuna majukwaa makubwa ambayo yamejengewa viungo kwa miaka. Na tangu Mei 2024, kuanzia Marekani, Google imeanza kuweka juu ya yote jibu linalotungwa na akili mnemba: mgeni anaweza kusoma maarifa ya kijana wangu kuhusu Rongai bila kujua kwamba kuna kijana.

Hapa ndipo ninapotofautiana na warsha za ujasiriamali. Zinafundisha sehemu ya ufundi na kunyamazia sehemu ya madaraka. Wenzetu hawakunyamaza. Nchini Uingereza, mwaka 2006, mume na mke, Adam na Shivaun Raff, walifungua tovuti ndogo ya kulinganisha bei iliyoitwa Foundem. Muda mfupi baadaye ilididimia katika majibu ya Google, ilhali mitambo mingine ya kutafuta iliendelea kuionyesha vizuri. Hawakutafuta bingwa wa siku 30. Walipeleka malalamiko Brussels. Juni 2017 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Google faini ya yuro bilioni 2.42 kwa kuipendelea huduma yake yenyewe ya ununuzi, na Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaithibitisha adhabu hiyo. Foundem yenyewe ilikuwa imeshafungwa mwaka 2016. Mwezi mmoja kabla ya uamuzi huo wa mahakama, Jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba Google ilikuwa imedumisha ukiritimba wa utafutaji kinyume cha sheria.

Kuna atakayesema hayo ni ya nchi tajiri. Basi tutazame Afrika Kusini. Tume ya Ushindani ya huko ilifanya uchunguzi wa majukwaa ya mtandaoni, yakiwemo ya safari na malazi, na kutoa taarifa yake ya mwisho Julai 2023. Ilisema wazi kwamba mfumo wa kulipia nafasi za juu unawapa wakubwa faida dhidi ya wadogo, ikataka matangazo yatambulishwe kwa uwazi zaidi, na majukwaa ya Afrika Kusini yawekewe alama na nafasi ya kuonekana bila malipo. Hatua hizo zinaweza kujadiliwa. Ninachokipenda ni kwamba dola la Kiafrika lilikaa, likachunguza, likaandika. Nasi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na tunayo Tume ya Ushindani yenye mamlaka juu ya wenye nguvu kubwa sokoni. Swali la kitafutio halihitaji sheria mpya ili kuulizwa.

Na Serikali haiwezi kusema mlango huu haiujui. Kwa upande wa kodi inaujua vizuri: tangu Julai 2022 watoa huduma za kidijitali walio nje ya nchi hutozwa asilimia 2 ya mapato wanayoyapata hapa, mbali na VAT. Siipingi kodi hiyo. Nauliza tu kwa nini tulifika mlangoni na daftari la risiti kabla ya kufika na maswali. Aprili mwaka huohuo filamu ya Royal Tour ilizinduliwa New York. Agosti, intaneti ya kasi ikafungwa mlimani, Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mgeni sasa anaweza kurusha picha yake kutoka kambini. Lakini filamu, hata iwe nzuri vipi, humpeleka mtazamaji kwenye kitafutio, na kitafutio humpeleka kwa aliye juu. Tulilipia hamu, mavuno ya hamu hatukuyawekea utaratibu.

Watumishi wa umma wanaonisoma hupenda kuniuliza, “Sasa unataka tufanye nini, Dokta?” Nina mambo mawili madogo, mbali na lile kubwa la Tume. Mwaka 2022, kuelekea Sensa, nchi nzima iliingia katika operesheni ya anwani za makazi: mitaa ikapewa majina, nyumba zikapewa namba. Ofisi ya kijana wangu ina kibao cha namba ukutani. Hakuna aliyemwambia kwamba namba hiyohiyo, ikiandikwa kwa usahihi kwenye tovuti na kwenye ramani, ndiyo inayomtoa katika shamba la mahindi. Ofisa biashara wa halmashauri anayempa mtu leseni angeweza kumwambia kwa dakika tatu. Jambo la pili ni orodha ya kampuni zenye leseni ya TALA. Iwe katika ukurasa wa kawaida wa tovuti ya Serikali, si faili lililopigwa skana, na mbele ya kila jina pawe na kiungo cha tovuti ya kampuni husika. Mkumbuke baraza la wazee: kiungo kutoka tovuti ya Serikali ni neno la mzee. Hakigharimu bajeti, na hakiwezi kununuliwa na bingwa wa viungo vya kamari.

Lakini sioni sababu ya watu wa Moshi kuisubiri Dodoma. Mji ule una historia ambayo katika jambo hili ni pana kuliko vitabu vyangu. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Uchagani waliunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU. Tatizo lao halikuwa kulima. Kahawa yao ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa kwamba mkulima mmoja mwenye mibuni yake kihambani hakuweza kuonekana na mnunuzi aliye mbali, na aliyesimama katikati ndiye aliyepanga bei. Wakakusanya kahawa chini ya jina moja. Siwachoreshi malaika: vyama vya ushirika vilikuwa na wezi wake na siasa zake, Serikali ilivivunja mwaka 1976 na kuvirudisha kwa sheria ya 1982, na madeni yake yanajulikana. Hata hivyo shule nyingi za Kilimanjaro zilijengwa na watu waliokwisha kuelewa kwamba kuonekana ni kazi ya pamoja.

Kijana wangu na wenzake kumi na mmoja, wote wenye kampuni ndogo zenye leseni, wameanza kukutana. Wanataka tovuti moja yenye jina moja, ambamo viongozi wao wataandika wanachokijua kuhusu kila njia na kila msimu, na ambayo tovuti zao zitaipa viungo na kupewa. Kwa hesabu ya baraza la wazee, kumi na wawili wanaweza kujenga heshima ambayo mmoja asingeijenga. Nilialikwa kikao cha pili kama mwalimu. Jina lilipatikana upesi, michango ikakubaliwa, mtunza fedha akachaguliwa.

Kikao kilikwama kwenye jambo moja: majina ya kampuni yapangwe vipi ndani ya ukurasa wa mbele. Mmoja alitaka alfabeti. Ikaonekana kwamba jina la kampuni yake linaanza na A. Mwingine akataka zamu, kila wiki jina moja lipande juu, na akaulizwa wiki za Julai na Agosti, wageni wanapokuwa wengi, zitakuwa za nani. Mzee mmoja akasema anayewalipa wagumu vizuri zaidi awe wa kwanza, ukumbi ukanyamaza, kisha wengine wakataka kujua nani atakagua. Wa nne, kijana mwenye kampuni kubwa kidogo kuliko wenzake, akapendekeza anayechangia zaidi akae juu. Wakanigeukia mimi. Nikawaambia nimekuja kusikiliza. Wameahirisha hadi baada ya masika.